Mwongozo kamili wa kudunda na kupiga chenga bila kupokonywa mpira, iwe basketi ama soka

Nimeamua kuweka kila kitu mahali pamoja manake swali ni lile lile kila wiki, wa basketi wanauliza na wa soka wanauliza: "Kochi, nikiwa peke yangu mpira wanisikiza kabisa, mbona mtu akinikaribia tu napokonywa?"

Juzi kuna dada mmoja wa miaka 14 kwenye koti letu la basketi huku Tudor, Mombasa, mkono wake mwepesi, mpira haumponyoki hata kidogo. Nikamwekea mtu mbele, mara tatu mfululizo akapokonywa. Mara ya nne nikaacha kuangalia mikono yake nikaangalia macho, na yalikuwa chini kwenye mpira mwanzo hadi mwisho, yaani yule difenda anaona kila kitu na yeye haoni chochote, mpaka kivuli cha mkono kipite juu ya mpira ndo anashtuka.

Shida ya wengi iko hapo. Kwanza macho, pili spidi, manake mtu anakimbia mwendo mmoja tu kutoka anapoanza hadi anapoishia na beki anamsoma kama saa. Hatua zote hapa chini zinatengeneza hayo mawili, kwa hivo usiruke ukaenda moja kwa moja kwa krosova, ile ya kuvusha mpira mbele yako kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, kwa sababu umeiona kwenye simu.

## Vitu vya kutayarisha

- Mpira wa saizi yako. Basketi ya wanaume ni saizi 7, ya wanawake saizi 6, watoto wadogo saizi 5. Soka watu wazima ni saizi 5, mzunguko wake sentimita 68 hadi 70, watoto chini ya miaka 12 wape saizi 4. Mtoto ukimpa mpira mkubwa atajifunza kuusukuma kwa kiganja, na hiyo tabia kuitoa baadaye ni kazi.
- Pampu na sindano yake.
- Chupa 8 za plastiki za nusu lita, zitie mchanga robo zisipeperuke. Hizo ndo koni zako, usipoteze pesa.
- Mpira mmoja wa tenisi.
- Raba zenye soli inayoshika. Njumu usivae kwenye simiti, zinateleza na zinaumiza magoti.
- Simu ya kujirekodi, iegemeze hata kwenye kiatu.
- Maji ya kunywa, lita moja na nusu kwa mtu mmoja.
- Mtu wa pili, hasa kuanzia hatua ya 4. Ndugu, jirani, yeyote yule.

Kabla ya chochote pima mpira. Basketi ishike kimo cha kichwa cha mtu mrefu, kama mita 1.8, uiachilie bila kuisukuma. Ikirudi mpaka usawa wa kitovu iko sawa. Ikiishia magotini utajifunza kuipiga kwa nguvu za bega, ikiruka mpaka kifuani itakuponyoka kila saa ukafikiri kosa ni lako. Mpira wa soka presha yake imeandikwa pale karibu na tundu la sindano. Na usiuwache juani, hewa ikipata moto inatanuka, ule mpira uliokuwa sawa asubuhi saa nane mchana umekuwa mgumu kama dafu.

## Mahali na saa

Basketi ni simiti ama lami, hakuna njia nyingine, kwenye mchanga mpira haudundi. Soka uko huru zaidi. Mimi napenda ule mchanga wa Bamburi ama Nyali maji yakiwa yamekupwa, karibu na maji pale palipolowa na kushindiliwa, mpira unateleza vizuri na ukianguka huchubuki. Lakini kumbuka maji yanachelewa kama dakika 50 kila siku, kwa hivo ukienda leo saa kumi ukakuta ufuo mpana, wiki ijayo saa hizo hizo utakuta bahari imejaa mpaka ukutani. Angalia chini kwanza kama kuna vipande vya chupa na makombe, na ukimaliza suuza mpira kwa maji baridi ya mfereji kwa sababu chumvi inakula nyuzi.

Saa nzuri ni baada ya alasiri mpaka magharibi. Miezi ya kaskazi, Disemba mpaka Machi, usijaribu saa saba mchana, hata kama una nguvu vipi. Ukisikia kizunguzungu au kichwa kinagonga, kaa kivulini, jimwagie maji shingoni, siku hiyo imeisha. Mwezi wa Ramadhani hatua za kusimama mahali pamoja zifanye dakika 20 kabla ya kufuturu, zile za kukimbia ziweke baada ya tarawehe.

## Hatua ya 1: Mkao

Shuka kama unaenda kukaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi, alafu ukaishia nusu. Magoti yamekunjika, mgongo umenyooka, kifua kiko mbele kidogo, miguu imepanuka kuliko mabega. Uzito uwe mbele ya unyayo, kisigino kigusegusa tu.

Sababu yake ni rahisi. Ukiwa chini mpira unasafiri njia fupi kutoka mkononi hadi sakafuni, kwa hivo mwizi ana muda mdogo wa kuudaka njiani. Kwa soka pia, ukiwa umesimama wima huwezi kugeuka bila kwanza kushuka, na beki anakuona ukishuka.

Muggsy Bogues alikuwa na kimo cha mita 1.60 na alicheza NBA, ligi kuu ya basketi ya Marekani, misimu 14 katikati ya majitu ya mita mbili. Mpira wake ulikuwa chini kiasi kwamba kuufikia walikuwa lazima wainame, na akiinama mtu mrefu ushampita. Kama wewe ni mfupi basi hii hatua ndo mali yako.

Umefaulu ukiwa: mwenzako akikusukuma bega bila kukuambia, miguu yako haihami.

## Hatua ya 2: Vidole, sio kiganja

Hii ni ya basketi. Panua vidole, mpira uguse nyama za vidole na ule ukingo wa juu wa kiganja, katikati pabaki wazi. Sukuma kwa kifundo cha mkono, usipige kofi.

Makoti yetu mengi yana vumbi, litumie. Dunda dakika mbili alafu geuza mkono uuangalie. Vumbi likiwa kwenye vidole vyote vitano na pale chini yake, na katikati ya kiganja pako safi, uko sawa. Kiganja kikiwa cheusi chote unapiga kofi. Kidole gumba kikiwa safi basi umekibana, kipanue. Sikiza sauti pia, kofi linalia pa, vidole havitoi sauti, unasikia simiti tu.

Onyo: mkono usiingie chini ya mpira. Ukiubeba kwa chini hata nusu sekunde refa anapuliza. Na ukishaushika kwa mikono miwili huruhusiwi kudunda tena, hiyo ni dabo.

## Hatua ya 3: Vimo vitatu, nguvu moja

Dunda usawa wa ugoko sekunde 30, usawa wa kiuno sekunde 30, usawa wa bega sekunde 30. Alafu badilisha mkono. Raundi tatu.

Piga kwa nguvu. Watu wengi wanadunda kwa upole wakidhani ndo kontroli, kumbe mpira wa polepole unakaa hewani muda mrefu na ukiwa hewani si wako, ni wa yeyote. Ukiupiga chini kwa nguvu unarudi mkononi haraka.

Kwa soka fanya hivi badala yake: kanyaga juu ya mpira kwa kubadilisha miguu sekunde 30, alafu upige kati ya miguu miwili kwa upande wa ndani sekunde 30, alafu uviringishe kwa wayo kulia na kushoto sekunde 30. Mpira usihame zaidi ya hatua moja kutoka ulipoanza.

Umefaulu ukiwa: raundi nzima mpira haujakukimbia. Ukikukimbia mara moja mbili wiki ya kwanza ni kawaida.

## Hatua ya 4: Nyanyua macho

Hapa tulia. Hata ukifanya hatua hii peke yake mwezi mzima utaona tofauti kubwa kuliko kila kitu kingine nilichoandika.

Mwenzako asimame mita nne mbele yako. Wewe dunda, ama chezea mpira kwa miguu kama hatua ya 3. Yeye anaonyesha vidole, kimoja, vitatu, vitano, anabadilisha kila sekunde mbili, na wewe unataja namba kwa sauti. Mara kumi. Hesabu ngapi umepata. Siku ya kwanza wengi wanapata 4 au 5, na hawakosi kwa kuwa hawajui kuhesabu, wanakosa kwa sababu macho yalishuka kuangalia mpira kisha yakarudi namba ishapita.

Huna mtu? Simama ndani ya geti ukiangalia barabara, udunde huku ukitaja kila tuktuk inayopita ina abiria wangapi. Usitoke nje ya geti na mpira, naomba sana, mpira ukikimbilia barabarani mtu huufuata bila kufikiri.

Sasa kuna kitu watu hawakielewi. Kunyanyua macho haimaanishi huuoni mpira. Unauona kwa pembeni, kule chini, kama unavyoona ngazi ukishuka huku ukiongea na mtu. Jicho linajua kazi hiyo, ni wewe huliamini. Kwa hivo siku za mwanzo mpira utakuponyoka sana kuliko kawaida, na hapo ndo wengi wanarudi kuangalia chini. Usirudi. Punguza spidi, hata dunda taratibu kabisa, lakini macho yabaki juu.

Ukizoea ongeza mpira wa tenisi. Mkono mmoja unadunda, mwingine unarusha tenisi juu na kudaka. Tenisi inayalazimisha macho kukaa juu, huwezi kudanganya. Wa soka, mwenzako akurushie hiyo tenisi uidake na kurudisha huku miguu ikiendelea na mpira.

Ukienda ukumbi wa Makande kuangalia KPA, timu ya basketi ya mamlaka ya bandari, wakicheza, ama uwanja wa Mbaraki timu ya soka ya Bandari wakiwa nyumbani, usifuate mpira. Chagua mchezaji mmoja anayepandisha mpira, muangalie macho yake dakika kumi. Ile siku moja itakufunza kuliko video ishirini.

Umefaulu ukiwa: namba 8 kwa 10 bila mpira kukuponyoka.

## Hatua ya 5: Mkono na mguu dhaifu

Kila dakika moja ya upande wenye nguvu, dakika mbili za upande dhaifu. Usijadiliane na hii hesabu. Difenda yeyote mwenye akili anakuchunguza mara mbili tu, akijua huendi kushoto anafunga kulia na wewe umeisha.

Kwa basketi ukiweza kuazima mpira wa pili, dunda yote miwili kwa pamoja, kwanza inagonga chini wakati mmoja, baadaye kwa kupishana. Stephen Curry, mchezaji wa NBA, anafanya hivi kabla ya gemu na watu wanaingia mapema uwanjani kumtazama. Mkono dhaifu ukiwa peke yake unasaidiwa na akili yote, mikono miwili ikifanya kazi pamoja unalazimika kujitegemea.

## Hatua ya 6: Miguso midogo, hii ni ya soka

Panga chupa 8, mita moja kati ya kila moja. Pita katikati yake kwa zigizaga. Kila hatua unayopiga, gusa mpira. Kila hatua. Usiusukume mbele ukaukimbilia, ukifanya hivo kati ya mguso mmoja na mwingine mpira hauna mwenyewe.

Tumia upande wa nje wa kiatu, pale kwenye kidole kidogo, ncha ya mguu ikiangalia chini na ndani kidogo. Sababu yake ni kwamba mguu unabaki kwenye mkimbio wake wa kawaida. Upande wa ndani unalazimu kufungua nyonga, na nyonga ikifunguka spidi inakufa. Ndani utumie kugeuka tu. Muangalie Messi akikimbia na mpira, unaonekana kama umefungwa kamba kwenye kiatu cha kushoto, na ukipunguza spidi ya video utahesabu miguso mingi ya kidogo kidogo, sio mipigo.

Jirekodi ukipita chupa zote. Kisha hesabu miguso na hesabu hatua. Namba zikikaribiana umefaulu. Hatua zikiwa mara mbili ya miguso bado unausukuma.

Kwa basketi zile chupa pia zinatumika, ukifika kila chupa unabadilisha mkono, basi.

## Hatua ya 7: Kubadilisha spidi

Hii ndo chenga yenyewe. Watu wanadhani chenga ni mguu kuzunguka mpira mara nne, hapana, chenga ni kumfanya mtu aweke uzito wake mahali alafu wewe uende kwingine kabla hajautoa.

Angalia nyonga za difenda, pale kwenye mkanda. Uso unadanganya, mikono inadanganya, nyonga haiwezi. Mtu akiegemea mguu wake wa kushoto, mguu huo umefungwa, hawezi kuunyanyua mpaka ahamishe uzito. Huo muda mdogo ndo mlango wako, unapita upande mwingine, sio ule alioegemea.

Fanya hivi na chupa moja kwanza:

Njoo taratibu kabisa, kama asilimia 50 ya spidi yako. Ukibakisha umbali wa mkono mmoja na kidogo, tupa bega na kichwa upande mmoja, kweli kweli, uzito wako uende mpaka mguu wa nje uukanyage chini. Kwa basketi hapo hapo vusha mpira mbele yako chini ya goti kwenda mkono mwingine, ugonge chini katikati kama herufi V. Kwa soka uvute kwa upande wa nje wa mguu ule mwingine. Alafu hatua ya kwanza iwe ndefu, na bega lako lipite karibu na nyonga yake, karibu mpaka mguse.

Ukipita mbali naye unampa njia ya kugeuka na kukufuata. Ukipita karibu lazima akuzunguke.

Makosa mawili naona kila wiki. La kwanza mtu anaanza mapema sana, difenda yuko mita tatu, hiyo chenga unaipiga hewa. La pili ni kuja kwa spidi yote, asilimia 100 tayari, kwa hivo baada ya chenga huna kitu cha kuongeza. Njoo pole, toka kwa moto.

Onyo: simiti ikiwa na maji ama mchanga mwembamba juu yake usifanye hatua hii, fagia kwanza. Kifundo cha mguu kinateguka pale pale kwenye mguu wa nje. Kikivimba, barafu iliyofungwa kwa kitambaa dakika 15, kiinue juu, na ukishindwa kukikanyagia nenda hospitali usikandwe na mtu kwanza.

Umefaulu ukiwa: kwenye video spidi ya hatua mbili baada ya chenga inaonekana wazi ni tofauti na ya kabla, hata mama yako ambaye hafuatilii mpira aone.

## Hatua ya 8: Kukinga

Mwili wako ukae kati ya mtu na mpira. Basketi unadunda kwa mkono ulio mbali naye, mkono mwingine umekunjwa mbele kama ngao, usimsukume nao, ukiunyoosha ni faulo. Soka unageuka ubavu, mpira kwenye mguu wa mbali. Fanya ndani ya duara la hatua tatu, mwenzako ajaribu kuupata sekunde 15. Ni hayo tu, lakini kila siku.

## Hatua ya 9: Mtu wa kweli

Chora boksi la mita 4 kwa 6. Wewe unaanzia mwisho mmoja, yeye katikati, unatakiwa uvuke. Mwanzo yeye aweke mikono nyuma, aruhusiwe miguu tu. Ukivuka mara 6 kwa 10 mruhusu mkono mmoja, kisha yote. Soka mwanzo atembee tu, kisha akimbie.

Usiruke kwenda mikono miwili siku ya kwanza. Ukipokonywa mara 10 kwa 10 mwili unajifunza kuogopa na macho yanashuka tena chini.

Na kwenye mechi ujue pia pa kuacha. Soka, mbele ya goli lako toa pasi. Basketi, usikimbilie kona na usisimamishe mpira huko, mstari wa pembeni ni difenda wa tatu.

## Ratiba

Dakika 25 kwa siku, siku 5 kwa wiki, wiki 4. Wiki ya kwanza hatua 1 mpaka 4. Ya pili ongeza 5 na 6. Ya tatu ingia ya 7 na ya 8, ile ya kutaja vidole, hatua ya 4, usiiwache. Ya nne nusu ya muda iwe boksi.

Siku ya kwanza jirekodi dakika moja, siku ya 28 jirekodi tena mahali pale pale, uziweke pamoja. Angalia macho kwanza, kisha kimo cha mpira, kisha spidi. Kama ile hesabu ya namba bado haijafika 8 kwa 10, rudi hatua ya 4 wiki moja nzima kabla ya kugusa krosova tena. Yule dada wa Tudor alirudi mara mbili.